Kasongo na Kabambare: Plastiki ya gari ikipauka, mafuta ya mawese hayaiponyi

KASONGO, Maniema – Mvua ikikatika kusini mwa Maniema mwezi wa Juni, barabara inayounganisha Kabambare na Kasongo hubadilika sura. Tope lililokuwa likimeza magurudumu hugeuka vumbi jekundu, na vumbi hilo hukaa juu ya kila kitu: majani ya migomba kando ya njia, mizigo, nywele za abiria na magari yenyewe.

Siku gari likioshwa, ndipo mwenyewe huona kilichokuwa kimefichwa na vumbi. Mabati yanang'aa, lakini sehemu za plastiki nyeusi zimekuwa kijivu. Bampa, matao ya juu ya magurudumu, mifuniko ya vioo vya pembeni, vishikio vya milango na kipande kinacholala chini ya waipa, vyote vimepauka kama ngozi ya mtoto aliyetoka kuoga mtoni bila kupakwa mafuta.

Na wazo la kwanza huwa ni lile lile la ngozi: paka mafuta. Katika jimbo ambalo michikichi humea karibu na kila kijiji, mafuta yaliyo karibu ni ya mawese. Plastiki hunyweshwa, hugeuka nyeusi papo hapo, na kila mtu hufurahi. Siku tatu baadaye vumbi limeganda juu yake, na gari linaonekana baya kuliko mwanzo.

Kwa mwenye gari wa Kasongo au Kabambare, jambo hili si la urembo peke yake. Bampa la Toyota Hilux ya zamani au tao la gurudumu la Land Cruiser halipatikani katika duka la jirani. Kindu, makao makuu ya jimbo, iko zaidi ya kilomita 200. Spea nyingine hutoka Bukavu au Lubumbashi, na nyingine hushushwa bandarini Dar es Salaam, zikapita Kigoma na kuvuka Ziwa Tanganyika.

Njia hiyo ya mashariki ni ya zamani. Katika karne ya 19, misafara ya Tippu Tip ilitoka Ujiji, ikavuka ziwa, ikapita Kabambare hadi Kasongo na Nyangwe. Leo mizigo ni mingine, lakini umbali ni ule ule. Kipande kikivunjika, gari linaweza kusimama kwa wiki nzima likikisubiri. Kwa hiyo kujua namna ya kutunza plastiki iliyopo, na kujua ni lini imekwisha nguvu, ni kujua namna ya kuendelea na safari.

Jua la utosini

Kasongo na Kabambare ziko kati ya nyuzi nne na tano kusini mwa Ikweta. Maana yake ni kwamba mara mbili kwa mwaka, siku za mwanzo wa Machi na za mwanzo wa Oktoba, jua la saa sita mchana hupita karibu kabisa juu ya utosi. Hata miezi mingine haliendi mbali sana.

Mwanga wa jua hubeba mionzi ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni. Ndiyo hiyo inayounguza ngozi, kufifisha nguo zilizoanikwa na kupausha rangi za milango. Kadiri jua linavyokuwa juu zaidi, mionzi hiyo hupita hewa kidogo zaidi kabla ya kufika ardhini, na hufika ikiwa na nguvu zaidi. Gari lililotengenezwa Japani na kutumika huko miaka kumi, likija kuegeshwa Maniema bila kivuli, hukutana na jua la aina nyingine.

Plastiki nyingi nyeusi za nje ya gari hutengenezwa kwa polipropilini, mara nyingi ikiwa imechanganywa na mpira ili isivunjike kirahisi inapogongwa. Polipropilini ngumu ya namna hii ilipatikana mwaka 1954 nchini Italia katika maabara ya Giulio Natta, ambaye mwaka 1963 alipata Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Karl Ziegler wa Ujerumani. Ilipendwa na viwanda kwa sababu ni nyepesi, ni rahisi na haishiki kutu.

Kabla ya hapo bampa zilikuwa za chuma. Renault 5 ya Ufaransa, iliyoingia sokoni mwaka 1972, ni miongoni mwa magari ya kwanza ya watu wa kawaida kuvaa bampa za plastiki. Baada ya hapo viwanda vingine vilifuata, na leo ni vigumu kukuta gari dogo lenye bampa ya chuma iliyotoka kiwandani.

Lakini polipropilini ina udhaifu mmoja mkubwa: haipendi jua. Mionzi inapoipiga pamoja na oksijeni ya hewani, minyororo mirefu ya molekuli inayoishikilia hukatika vipande vifupi. Ili kuikinga, viwanda huichanganya na masizi safi ya kaboni na dawa nyingine za kuzuia mionzi. Masizi hayo ndiyo yanayoipa weusi wake. Kwa maneno mengine, weusi wa bampa ni ngao kabla ya kuwa pambo.

Ngao hiyo hailindi milele. Ngozi ya juu ya plastiki ikishaliwa, hupasuka nyufa ndogo mno ambazo jicho haliwezi kuziona moja moja. Mwanga ukigonga nyufa hizo hutawanyika kila upande, na jicho huona kijivu au weupe wa chaki. Ukipitisha kidole, wakati mwingine hubaki na unga.

Jaribio la ndoo ya maji

Kabla ya kununua dawa yoyote, lipo jaribio lisilogharimu kitu. Osha sehemu iliyopauka, iache ikauke, kisha imwagie maji safi na uitazame ikiwa imelowa.

Ikigeuka nyeusi kama mpya, habari ni njema: weusi bado upo, na kilichoharibika ni ngozi ya juu tu. Maji yameziba zile nyufa ndogo na mwanga hautawanyiki tena. Ni sawa na jiwe la mtoni, ambalo likiwa ndani ya maji huonekana jeusi linalong'aa, na likianikwa juani huwa kijivu. Jiwe halijabadilika, kilichobadilika ni namna linavyorudisha mwanga.

Ikibaki kijivu hata ikiwa imelowa, uharibifu umeingia ndani zaidi. Hapo mafuta na dawa za kupaka hazitasaidia sana, na kinachobaki ni kuipaka rangi au kuibadilisha.

Jaribio hilo pia linaeleza kwa nini karibu kila kitu chenye mafuta huonekana kufanya kazi dakika ya kwanza. Mawese, losheni, mafuta ya nazi, hata mafuta ya injini, vyote huziba nyufa kama maji. Swali si kama plastiki itakuwa nyeusi leo. Swali ni itakuwaje wiki ijayo.

Kwa nini mawese hayafai

Wataalamu wa rangi hugawa mafuta ya mimea katika makundi kwa kipimo kinachoitwa namba ya aidini, yaani gramu za aidini ambazo gramu 100 za mafuta zinaweza kunasa. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo mafuta yanavyoweza kushikana na oksijeni ya hewa na kugeuka utando mgumu. Mafuta yanayozidi 130 hivi hukauka. Yaliyo chini sana hubaki mabichi.

Mafuta ya mbegu za kitani, ambayo maseremala na wachoraji wa Ulaya wameyatumia kwa karne nyingi, hupita 170. Mawese yana kiasi cha 50 tu. Karibu nusu yake ni mafuta mazito ya aina ile inayoganda kukiwa na baridi, na ndiyo maana chupa ya mawese huwa nzito asubuhi na nyepesi mchana.

Matokeo yake juu ya bampa ni rahisi kuyatabiri. Mawese hayakauki. Mchana yanalainika na kunasa vumbi, usiku yanaganda nalo. Wekundu wake hufifia juani, mafuta huchacha na kutoa harufu, na mvua ya kwanza huyatiririsha hadi kwenye mabati na nguo za anayepanda. Kilichobaki ni kazi ya kuosha mara mbili.

Mafuta ya injini yaliyotumika ni mabaya zaidi. Mbali na kunasa vumbi, yana masizi, chembe za chuma na kemikali ambazo baadhi yake zinajulikana kusababisha saratani zikigusa ngozi mara kwa mara. Anayeyapaka kwa mikono mitupu anajiumiza yeye kwanza, na yakioshewa mtoni yanawaumiza wanaochota maji chini yake.

Petroli, ambayo wengi huiita esansi, hutumiwa kusafisha kwa sababu hutoa uchafu haraka. Lakini huifanya plastiki na mpira wake kuvimba na kulainika, huondoa rangi ya pembeni, na mvuke wake unawaka kwa cheche moja. Mafuta ya breki nayo hula rangi ya gari. Hayo yote hayana kazi juu ya bampa.

Dawa nyeusi ya viatu ina hadithi yake. Ni nta iliyochanganywa na rangi, na kwa siku moja au mbili huipa plastiki sura ya kuvutia. Ndiyo sababu hupendwa na mtu anayetaka kuuza gari kesho yake. Haina madhara makubwa, ila hubaki kwenye nguo za kila anayeegemea gari na haivumilii mvua.

Nusu ya kazi ni kuosha

Mafundi wa kazi hii popote duniani hukubaliana katika jambo moja: dawa ikipakwa juu ya uchafu, hushika uchafu na kung'oka nao. Kwa barabara zenye udongo mwekundu, jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu vumbi hujificha katika vijitundu vya plastiki yenye mikwaruzo ya mapambo.

Gari liegeshwe kivulini, plastiki ikiwa imepoa. Kwanza maji mengi ya kuondoa mchanga, kisha sabuni na brashi laini. Mswaki wa zamani unafaa sana kwenye pembe na mistari. Suuza, rudia, suuza tena mpaka maji yanayodondoka yawe meupe. Kama mawese au dawa nyingine ilikuwa imepakwa, sabuni ya vyombo huyatoa vizuri kuliko sabuni ya kufulia.

Plastiki ikikauka kabisa, ifutwe kwa kitambaa safi chenye spiriti ya hospitali ili kuondoa mabaki ya mafuta. Kitambaa kikitoka na weusi mwingi, maana yake ngozi iliyokufa bado ipo, na inafaa kuendelea mpaka kitambaa kitoke karibu safi.

Kazi hii ifanyike mbali na kisima na kingo za mto. Maji yenye mafuta na sabuni yanapoingia mahali watu wanapochota, gharama yake hulipwa na wengine.

Njia zinazodumu, na zisizodumu

Dawa za kung'arisha zinazouzwa madukani katika chupa za kupulizia mara nyingi ni silikoni. Hazidhuru plastiki na hazikauki kwa kunata kama mawese, lakini ni za muda. Mvua chache na uoshaji mara mbili tatu huziondoa. Anayezitumia ajue ananunua wiki chache, si miaka.

Silikoni ina masharti yake. Isipulizwe karibu na kioo cha mbele, maana waipa zitaisambaza na usiku taa za gari linalokuja zitakuwa ukungu mtupu. Isiguse diski za breki, pedali wala ngazi ya kupandia. Na kama kuna mpango wa kupaka rangi gari baadaye, silikoni iliyobaki huifanya rangi mpya ikimbie na kuacha vitobo mithili ya macho ya samaki.

Mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yanayopatikana katika maduka ya rangi ya miji mikubwa, ni njia ya kati. Hupakwa kidogo sana kwa kitambaa, huachwa yanywe, kisha ziada yote hufutwa. Baada ya siku moja au mbili hukauka na kuacha utando mwembamba unaovumilia mvua. Ukipaka mengi, hubaki yakinata na kukusanya vumbi kama mawese.

Lakini mafuta ya kitani yana hatari ambayo haipaswi kufichwa. Yanapokauka hutoa joto. Vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vikikunjwa na kutupwa kwenye kona ya gereji, joto hilo hukusanyika mpaka vikawaka vyenyewe bila kiberiti. Vitandazwe nje kimoja kimoja mpaka vikauke, au vilowekwe ndani ya ndoo ya maji.

Njia inayodumu zaidi ni dawa za kufunika zinazotengenezwa kwa madini ya silika. Hizi hushika plastiki na kuwa kama ngozi mpya, na nzuri zake huvumilia miezi mingi, hata kupita mwaka. Bei yake iko juu, na zinadai plastiki iwe safi na kavu kabisa kabla ya kupakwa. Vumbi likiingia kabla hazijakauka, hukaa humo.

Rangi ya kopo nayo inawezekana, ila polipropilini haishikani na rangi kirahisi. Bila kwanza kupaka dawa ya kushikisha iliyotengenezwa kwa plastiki, rangi itabanduka vipande vipande kama ganda la yai. Na msasa usitumike ovyo: plastiki yenye michoro ya mikwaruzo ikishasuguliwa, michoro hiyo hairudi.

Moto si dawa ya kila mtu

Kuna njia nyingine inayowashangaza watu: kuipasha plastiki joto. Bunduki ya hewa moto inapopitishwa haraka juu ya bampa iliyopauka, weusi hurudi mbele ya macho. Ngozi ya juu imeyeyuka kidogo na nyufa zimejifunga.

Njia hiyo ni ya kweli, lakini ni ya mara moja au mbili katika maisha ya kipande. Haiongezi kinga iliyoliwa na jua, na kila mara inapofanywa, ngozi iliyobaki huwa nyembamba. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi za Selsiasi, ilhali bunduki hizo hufika mamia kadhaa. Ukisimama mahali pamoja kwa sekunde chache, umepata kovu la kudumu.

Bunduki ya aina hiyo hula umeme wa wati 1,500 hadi 2,000, mzigo ambao jenereta ndogo haiuwezi. Mahali ambapo umeme wa uhakika ni adimu, kishawishi cha kutumia moto wa gesi, tambi au makaa ni kikubwa. Hapo ndipo ajali huanza. Moto wa wazi hauwezi kupimwa, moshi wa plastiki inayoungua ni sumu, na karibu na bampa kuna nyaya, mabomba ya mafuta na tangi.

Pale weupe ni onyo

Mpaka hapa plastiki iliyopauka imezungumzwa kama suala la sura na fedha. Lakini zipo sehemu ambazo weupe wake unapaswa kumfanya dereva asimame.

Magari mengi ya aina ya Land Cruiser yanayofanya kazi katika barabara mbovu, yakiwamo ya hospitali, misheni na mashirika, yana bomba jeusi la plastiki linalopanda kando ya kioo cha mbele hadi usawa wa paa. Ndilo pua ya gari. Injini huvuta hewa kwa juu ili gari liweze kupita kwenye maji bila kuyavuta.

Bomba hilo hukaa juani miaka yote. Mabomba bora hutengenezwa kwa plastiki inayostahimili jua, lakini ya kuiga si lazima yawe hivyo, na hata bora yana maungio ya mpira yanayozeeka. Likipasuka chini au likilegea kwenye ungio karibu na bodi, linaendelea kuonekana zima. Dereva huingia mtoni akiamini pua iko juu, kumbe gari linapumulia tumboni.

Katika nchi ya mito kama Luama na vijito vinavyomwaga maji yake Lualaba, kosa hilo ni ghali. Maji hayashindiliki kama hewa. Yakiingia kwenye silinda, pistoni hugonga ukuta, na mkono wake wa chuma hupinda au kuvunjika. Injini iliyokuwa nzima asubuhi hukatwa maisha katikati ya kijito, mara nyingine ikiwa na mgonjwa au mama mjamzito nyuma.

Kulipima si kazi kubwa. Kwanza litazamwe kwa karibu likiwa safi, hasa kwenye mikunjo na karibu na skurubu. Libonyezwe: plastiki nzima hukubali kidogo na kurudi, iliyokufa hutoa mlio na kuonyesha mstari mweupe. Kisha fundi anaweza kuwasha injini ikiwa kwenye mwendo wa kupumzika na kuziba mdomo wa bomba kwa ubao bapa, si kwa kiganja, kwa sekunde chache tu. Injini ikilemewa na kutaka kuzima, bomba limefunga vizuri. Ikiendelea kunguruma kama vile hakuna kilichotokea, inavuta hewa mahali pengine, na gari hilo lisiingie majini.

Kiangazi nacho kina hatari yake. Kisanduku cha kichujio cha hewa pia ni cha plastiki nyeusi. Joto la injini humfanyia kile ambacho jua hufanya nje. Kifuniko kikipinda au kikivunjika kibano, vumbi jekundu hupita pembeni mwa kichujio na kuisaga injini polepole kama msasa. Hakuna dawa ya kung'arisha inayotibu hilo.

Taa kwanza, bampa baadaye

Mwenye fedha kidogo ya kutengeneza sura ya gari angefanya vyema kuanza na taa. Kwenye magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1990, kioo cha taa si kioo tena bali plastiki angavu ya polikaboneti, yenye utando mwembamba wa kuizuia mionzi. Utando huo ukiisha, taa hugeuka njano na kuwa na ukungu.

Mwaka 2018 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilitoa matokeo ya vipimo vyake: taa za namna hiyo zilizochakaa zilitoa kiasi cha asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Kwenye barabara isiyo na taa hata moja, yenye mashimo, watembea kwa miguu na mbuzi, tofauti hiyo si ndogo.

Dawa ya meno na kitambaa chenye maji huondoa ukungu mwepesi kwa muda. Uliokomaa hudai msasa wa maji, kuanzia wa namba 1,000 hadi 3,000, kisha dawa ya kung'arisha, na mwisho kabisa rangi angavu yenye kinga ya jua. Ukiacha hatua ya mwisho, njano itarudi baada ya miezi michache. Land Cruiser za zamani zenye taa za mviringo za kioo halisi hazina shida hii.

Anayenunua afungue macho

Gari la mkono wa pili lenye plastiki nyeusi tititi na miaka 20 mgongoni linastahili maswali mawili matatu. Huenda mwenyewe alilitunza kivulini. Huenda pia limepakwa kitu jana usiku.

Mnunuzi apitishe kitambaa cheupe kilicholowa spiriti mahali pasipoonekana sana, kwa mfano chini ya bampa. Kitambaa kikitoka na weusi au mafuta mengi, weusi huo ni wa kuazima. Hilo si kosa peke yake, lakini linauliza: kama sura imepakwa, ni nini kingine kimepakwa? Hapo ndipo pa kuangalia chini ya gari, kisanduku cha hewa, na lile bomba la pembeni.

Muuzaji mwaminifu naye ana faida katika habari hii. Plastiki iliyooshwa vizuri na kupakwa dawa sahihi huonyesha gari lililotunzwa, na haiogopi kitambaa cha mtu yeyote.

Pikipiki nazo

Kusini mwa Maniema, watu na mizigo mingi husafiri kwa pikipiki. Mabawa yake, mifuniko ya pembeni na kisanduku cha hewa ni plastiki ile ile, na hukaa juani kutwa nzima zikisubiri abiria. Ushauri ni ule ule, ila tahadhari ni mbili zaidi: dawa yoyote yenye utelezi isifike kwenye kiti wala mahali pa kukanyaga, na isiguse breki. Abiria mwenye mtoto mgongoni hahitaji kiti kinachong'aa. Anahitaji kiti kisichoteleza.

Kinga rahisi kuliko zote

Baada ya dawa zote hizo, iliyo bora zaidi haiuzwi dukani. Ni kivuli. Gari linaloegeshwa chini ya mwembe, chini ya paa la manyasi, au hata upande mmoja ukiwa umefunikwa turubai, hupokea sehemu ndogo tu ya mionzi ambayo jirani yake hupokea. Anayelazimika kuegesha juani abadilishe mwelekeo mara kwa mara, ili upande mmoja usile jua la mchana mwaka mzima.

Kinga ikipakwa ingali plastiki nyeusi, hudumu kuliko ikipakwa baada ya kupauka. Na gari linaloshushwa vumbi kila wiki huonyesha ufa ungali mdogo. Mwenye kulifuta kwa mkono wake mwenyewe ndiye wa kwanza kuuhisi chini ya kidole, kabla mto haujauona.